Starehe ndogo za begi la Mahale: gumzo la majirani wa Katubuka

Mama Halima: Habari za jioni majirani. Halima na wenzake wanne wanapanda mlima Nkungwe, kule Hifadhi ya Mahale, wiki ijayo, watalala huko siku mbili. Hema, chakula na dawa vimeshapangwa. Nimewaruhusu vikorombwezo, ila visizidi nusu kilo kwa mtu. Wabebe nini, waache nini?

Kaka Idi: Spika ya muziki muhimu 🔊

Baba Shabani: Idi, hapana. Ile ni hifadhi, watu wanakwenda kusikiliza msitu. Mama Halima, nusu kilo ni kipimo kizuri. Mahale hakuna barabara ndani, ukishuka kwenye boti ni miguu. Kutoka usawa wa ziwa, mita 773 hivi, hadi kilele cha mita 2,462 ni kupanda karibu mita 1,700, na kila gramu inalipwa na magoti. Mimi ningeanza na kinacholeta usingizi, maana huko juu usiku kuna baridi ambayo watoto wa Kigoma mjini hawaijui.

Mama Halima: Blanketi la pili?

Baba Shabani: Zito. Chupa ya maji ya moto. Kila mtu ana chupa ya maji tayari, kwa hiyo uzito haujaongezeka. Awe na ya lita moja, plastiki ngumu, mdomo mpana. Maji yachemshwe kabla tu ya kulala, chupa ijazwe hadi karibu na shingo, kifuniko kikazwe, kisha igeuzwe kichwa chini dakika nzima huku mtu anapapasa kama kuna tone. Ivalishwe soksi nene isimuunguze, iwekwe kati ya mapaja, ndani ya begi la kulalia. Hapo ndipo damu nyingi inapita, joto linasambaa mpaka kwenye vidole. Wengi huiweka miguuni, na haifanyi kazi vizuri kiasi hicho. Asubuhi maji yale yale ndiyo ya kunywa njiani, yameshachemka.

Kaka Idi: Chupa ya maji ya dukani si itafaa?

Baba Shabani: Haifai kabisa. Plastiki ile laini hulegea hata kabla maji hayajafika nyuzi 80. Chupa inanywea, kifuniko kinaachia, maji yanamwagikia blanketi. Aliyelowa saa sita ya usiku mlimani yuko hatarini, si suala la starehe tena. Na chupa ya chai nayo haisaidii, kwa sababu kazi yake ni kuzuia joto lisitoke.

Shangazi Mwajuma: Mwambieni Halima abebe kanga. Moja tu, asibebe doti nzima. Haifiki robo kilo, nayo ni taulo, ni shuka, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kivuli mchana. Ukitaka mto, ikunje iwe mfuko, jaza sweta ndani, funga fundo pembeni. Mto huo hautoboki kama ile ya kupuliza.

Mama Halima: Wifi, ikilowa?

Shangazi Mwajuma: Aifunge nje ya begi ikaukie njiani. Ila asijifunike ikiwa mbichi, pamba yenye maji inanyonya joto la mwili. Na aangalie rangi: asichukue ya bluu iliyokoza wala nyeusi. Rangi hizo ndizo zinazoita mbung'o, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Achukue ya maziwa au ya udongo. Vivyo hivyo kwa shati.

Dada Zuhura: Shikamoo Shangazi. Naomba kuongea kuhusu kahawa, maana hapa ndipo watu wanabeba madude ya bure.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Haya, sema.

Dada Zuhura: Dele la kahawa libaki nyumbani, sufuria inatosha. Hesabu ni gramu 10 kwa kikombe cha mililita 170. Watu watano, asubuhi mbili, jumla gramu 100. Wachukue ya Manyovu, isagwe siku ya safari, ifungwe vifurushi viwili vya gramu 50 visivyopitisha hewa ili cha pili kisifunguliwe kabla ya siku yake. Ikishasagwa inapoteza harufu haraka sana.

Dada Zuhura: Kupika: maji mililita 900 yachemke, epua, tia kahawa, koroga mara moja, funika dakika 4. Halafu nyunyiza vijiko viwili vya maji baridi juu, machicha yatazama. Mimina polepole bila kutikisa, na kina cha kidole kimoja cha mwisho kibaki kwenye sufuria. Anayetaka ya kijiweni, iliyochemka muda mrefu na tangawizi, ajue gesi inaondoka. Wakiwa karibu na kilele maji yanachemka kwenye nyuzi 92 hivi, hiyo kwa kahawa ni sawa kabisa. Maharage ndiyo yatawatesa.

Kaka Idi: Sukari?

Dada Zuhura: Asali. Lakini pimeni, asali ni nzito kuliko maji, mililita 100 ni kama gramu 140. Chupa isijae mpaka juu, jua likiipasha inatanuka na kuvuja. Weka kipande cha nailoni chini ya kifuniko ndipo ukaze. Na isilale kwenye hema, inaita sisimizi na nyani. Zipu kwa nyani si kitu. Ikae na chakula chote kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza, mahali askari wa hifadhi atakapowaelekeza.

Baba Shabani: Na kashata au karanga za njiani, wasile mbele ya sokwe. Mwenye mafua asiwasogelee kabisa, mafua yetu yanawaua wale.

Mama Halima: Nimeandika. Viatu vya jioni? Halima anataka kobazi.

Shangazi Mwajuma: Kobazi ni za ngozi, zikilowa zinakuwa jiwe. Yeboyebo! Nyepesi, hazinywi maji, anavuka nazo mto na kupumzisha miguu kambini. Avikung'ute kila asubuhi kabla ya kuvaa.

Kaka Idi: Basi taa na chaji niachieni mimi. Tochi ya kichwani, uifunge kwenye chupa ya maji meupe mwanga ukielekea ndani, inakuwa taa ya hema zima. Ukiifunika na karatasi ya pipi ya rangi ya chungwa, wadudu wanapungua. Ukiwa njiani geuza betri moja kinyume, isije ikajiwasha ndani ya begi.

Kaka Idi: Pawabenki ya mAh 10,000 moja kwa watu wawili. Msitegemee zote 10,000, kupandisha umeme kutoka volti 3.7 hadi 5 kunakula, simu inapata kama 6,000. Simu iwekwe hali ya ndege, maana kutafuta mnara usiopo ndiko kunakokausha betri.

Baba Shabani: Hapo Idi umesema. Na kiti cha kukunja kiachwe, miguu yake inazama mchangani. Kipande cha godoro gumu la sponji, sentimita 30 kwa 40, kinatosha kukalia.

Mama Halima: Yeboyebo 250, kanga 200, sponji 50. Halima amefika nusu kilo kamili. Asali na kahawa wagawane wale wanne. Mizani ya jikoni ninayo, waje na mabegi kesho baada ya alasiri.

Shangazi Mwajuma: Kanga yangu ya rangi ya maziwa ipo. Apitie kuichukua kabla sijailoweka.