MREJESHO: Kiungulia kisichoisha licha ya omeprazoli

Wakuu, niliuliza kwa nini kiungulia hakiishi ingawa nameza omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) 20 mg kila siku. Asanteni sana. Kosa lilikuwa muda: nilimeza baada ya kula. Pampu za asidi tumboni, ambazo dawa hii huzizima, huamshwa na chakula, hivyo dawa lazima itangulie. Sasa nameza nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, kapsuli nzima bila kutafuna. Siku ya nne moto kifuani ukapungua.

Diklofenaki, dawa ya maumivu niliyomeza kwa ajili ya mgongo, daktari kaisimamisha kwa kuwa huchokoza tumbo. Kuongeza mito hakukusaidia, kunakunja tumbo tu. Matofali chini ya kitanda upande wa kichwani, kama sentimita 15, yamesaidia. Ila nikila chakula cha usiku kwa kuchelewa, kiungulia kinarudi.

Kipimo cha H. pylori (bakteria wa tumboni) cha pumzi au kinyesi: acheni omeprazoli wiki 2 kwanza, la sivyo majibu yanaweza kudanganya.