Ushauri: Nataka kumpeleka binti wa miaka 3 akaone kasa Nungwi, mama yake anasema ni mapema

Baba Salha
Wakuu, habari za muda huu. Juzi nilimbeba binti yangu mpaka Feri kununua changu. Akainama kwenye beseni, pua karibu iguse samaki, akakaa hivyo mpaka muuzaji akaanza kucheka. Kisha: "Baba, mbona hapepesi macho?" Nikamwambia amekufa. "Akiwa mzima anapepesa?" Hapo nikakwama. Samaki wazima anaowajua ni wawili wa kwenye tangi la zahanati tunayokwenda, na mmoja anaelea ubavu.

Nimewaza mwezi ujao nivuke naye Unguja, tufike lile bwawa la kasa la Mnarani, Nungwi. Mama yake anasema hatakumbuka chochote, hela ikalipe ada. Mimi naogopa boti, na naogopa kingo za bwawa, maana huyu akiona maji anayakimbilia. Aliyewahi kwenda na mtoto mdogo anisaidie.

Bint Mnarani
Karibu kwetu. Kwanza elewa kwamba lile si tangi la kujengwa. Ni shimo la asili kwenye jabali la matumbawe, karibu na mnara wa taa, na maji yake yanapanda na kushuka na bahari. Kwa hiyo kabla hujatoka mjini uliza maji yanajaa saa ngapi. Yakijaa, kasa wako karibu na ukingo. Yakipwa, hasa siku za bamvua, yanashuka sana na mtoto mfupi ataona mawe tu. Jabali lina makali, mvishe viatu vya kufunga, kandambili ziache. Na mkono usiuachie hata ukitaka kupiga picha.

Usimweleze mengi. Mwambie tu kwamba wavuvi wakinasa kasa kwenye nyavu humleta pale badala ya kumla. Mpango huo wa wanakijiji ni wa tangu 1993, na wengi wamesharudishwa baharini.

Kuhusu swali lake: changu hana kope, hata akiwa mzima hapepesi. Kasa anazo. Amsubiri atoe kichwa kuvuta pumzi.

Mzee wa Dau
Nungwi mbali, kijana. Toka Forodhani panda mashua hadi Changuu, muda mfupi tu mmefika. Kuna kobe wakubwa, asili yao Shelisheli, walioletwa 1919. Mtoto anawalisha majani.

Mama Wawili
Mzee, kobe wa nchi kavu hajibu swali la samaki 😂

Baba Salha, mimi ni muuguzi, nitasema la kwangu. Kobe na kasa hubeba vijidudu vya salmonela bila wao kuumwa, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio huathirika zaidi. Akishagusa kasa au maji ya bwawa, sabuni kabla ya kula kitu chochote. Wengi wanasahau hapo, mtoto ana biskuti mkononi muda wote. Kasa hana meno lakini mdomo wake unabana kweli, mwani wa kumlisha ushike wewe. Kuna sehemu wanakuruhusu uogelee nao. Mtoto wa umri huo asiingie, na wewe mwenye mafuta mwilini pia uwaachie maji yao.

Boti: panda ya asubuhi, asile vitumbua vya mafuta, kaeni chini upande wa nyuma. Beba nguo za ziada, mbili si moja.

Msafiri wa Deira
Mimi niliingia hasara Dubai. Kule Dubai Mall kuna kioo kikubwa mno cha samaki, unakiona bure ukiwa unapita dukani. Nikajifanya mjuaji, nikalipia tupite ndani ya ile njia ya kioo ya mita 48. Papa alipopita juu ya kichwa, mwanangu wa miaka minne akaning'ang'ania shingo, dakika tano tuko nje. Halafu akakaa sakafuni mbele ya kile cha bure saa nzima, anamfuata samaki mmoja wa njano kwa kidole. Ushauri wangu: siku hiyo Nungwi peke yake. Msiunganishe na Mji Mkongwe wala shamba la viungo.

Kijiwe Temeke
Mkuu, mchukue na mama yake, ugomvi uishe.

Baba Salha
Mrejesho, wakuu. Tulikwenda watatu (asante Kijiwe). Maji yalikuwa yamejaa. Nusu saa ya kwanza Salha hakutaka kasa kabisa, alikuwa na kaa mdogo kwenye ufa wa jabali. Mama yake ndiye alikuwa anauliza maswali. Kisha kasa mmoja mkubwa akatoa kichwa mbele yetu, akapumua kwa kishindo, maji yakaturukia. Salha akajificha nyuma ya mguu wangu, akachungulia. Kimya. Halafu: "Baba! Kapepesa!"

Kurudi bahari ilichafuka, akatapika mara mbili. Mama Wawili, zile nguo mbili zilitosha kabisa.