Kamati ya harusi imegoma kunimalizia laki nane, eti sikupanga watu. Naombeni ushauri

Lenzi ya Kizota (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Mimi ni mpiga picha hapa Dodoma mjini, mwaka wa sita huu. Mwezi wa nane mwishoni nilipiga harusi moja, ibada asubuhi, sherehe ukumbini Kisasa. Makubaliano milioni moja na laki nne, advansi laki sita, salio siku ya kukabidhi.

Bibi harusi mwenyewe ndiye alitaka picha za matukio. Yaani humpangi mtu, husemi "tabasamu", husemi "shika kiuno". Unajifanya haupo, unasubiri jambo litokee lenyewe ndipo ubofye. Niliingia na kamera mbili, moja lenzi ya 35, nyingine ya 85, flashi nikaiacha kwenye begi. Nilitoka na picha kama elfu mbili, nikachambua zikabaki 612. Kuna moja mama wa bibi harusi amevua viatu chini ya meza, vidole vya miguu vinafuata muheme, ngoma ya Wagogo, huku usoni kanuna kama yuko msibani. Hiyo huwezi kuipanga hata umlipe.

Sasa mwenyekiti wa kamati anauliza mbona watu hawaangalii kamera, picha ya ukoo iko wapi, meza kuu iko wapi. Salio hatoi. Nawaza kuzishikilia picha zote mpaka hela iingie. Niko sahihi? Usingizi sipati.

Siti ya Mbele
Nimewahi nafasi. Anayeuza karanga apite huku.

Fundi Mwanga
Dogo, kosa lako si mtindo, kosa lako ni kikao. Harusi zetu mwenye hela si bibi harusi, ni kamati. Ungeomba dakika kumi kwenye kikao chao kimoja, uende na albamu ya mfano, waone kabla hawajachanga. Halafu hata sisi tunaopiga matukio tunatenga dakika ishirini za picha za ukoo mara tu watu wanapotoka kanisani. Pande mbili, wazazi, mashangazi, basi. Ukishawapa hizo, siku nzima iliyobaki wanakusahau, na kusahauliwa ndiko unakokutafuta.

Kuhusu flashi nakuunga mkono. Ila kumbi zetu zina zile taa za zambarau, watu wote wanakuwa rangi ya bilinganya. Ulipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka ngapi?

Lenzi ya Kizota
6400, mkuu. Nyingi nimezigeuza nyeusi na nyeupe kukwepa hiyo zambarau.

Mama Wawili Nkuhungu
Mmenikumbusha yangu, 1997, Kondoa. Mpiga picha alikuja na filamu mbili, kila moja picha 36, na alikuwa anazihesabu kama risasi. Tulisimamishwa mstari kama tunaapishwa, hakuna aliyeruhusiwa kucheka. Filamu moja ikaingia mwanga kabla ya kusafishwa, ikafa yote. Kwenye iliyobaki kuna picha moja aliibofya kwa bahati mbaya: mama yangu kajiziba mdomo kwa ncha ya khanga, anacheka mpaka macho yamepotea, na kando yake kuna mkono wa mtu umeshika kuku. Mpaka leo hatujui mkono ule wa nani. Mama alishatangulia, na hiyo ndiyo picha iliyo ukutani kwangu. Zile za mstari ziko kwenye bahasha, sijui hata bahasha yenyewe iko wapi.

Mtumishi Asiyechoka
Laki kumi na nne za picha wakati kijana hana hata godoro. Harusi ni agano, si maonyesho. Tubadilike.

Siti ya Mbele
Mtumishi, yako ulipigwa na nani?

Mtumishi Asiyechoka
Shemeji. Bure. Hazikutoka.

Mama Maswali
Mleta mada, nimesoma mara mbili. Umetaja bibi harusi, mama wa bibi harusi, mwenyekiti. Bwana harusi yuko wapi? Kati ya hizo 612 anaonekana ngapi?

Lenzi ya Kizota
Dada, mtindo huu hauhesabu vichwa. Unafuata hisia zilipo. Mfaransa mmoja, Henri Cartier-Bresson, alikuwa anaziba sehemu zinazong'aa za kamera yake ya Leica kwa utepe mweusi ili watu wasimwone, anasubiri ile nukta moja tu. Hakuwa anagawa picha kwa usawa.

Mama Maswali
Huyo Mfaransa hakuwa anadai laki nane Kisasa. Ngapi?

Lenzi ya Kizota
41.

Mama Maswali
Uso?

Lenzi ya Kizota
Uso 22. Zilizobaki ni bega na mkono wa koti. Na kabla hamjauliza: ndiyo, bibi harusi tulikuwa naye miaka mitatu, tangu yuko Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Tuliachana vizuri. Alinipa kazi kwa sababu anajua ninavyopiga. Bwana harusi hakuambiwa, na sikuona kama inahusiana na salio langu.

Siti ya Mbele
😂😂😂 Karanga ziongezwe!

Fundi Mwanga
Futa ushauri wangu wote, naanza upya. Kwanza, zipo ulizoweka mtandaoni?

Lenzi ya Kizota
Kumi na mbili tu, kwa ajili ya kutangaza kazi.

Mama Maswali
Za nani?

Lenzi ya Kizota
Zake. Mwanga ulikuwa upande wake.

Karani wa Mahakama
Mkuu, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Uliwaomba ridhaa kwa maandishi? Zitoe leo, madai ya salio yaje kesho.

Lenzi ya Kizota
Aliniambia kwa mdomo sawa. Na siwezi kuzitoa zote, kuna moja ndiyo picha bora niliyowahi kupiga: anakimbia kuingia ukumbini, gauni kalikusanya mkononi, matone ya maji yanaruka nyuma yake, jua la saa kumi na mbili linapita katikati ya matone. Anacheka. Picha kama hiyo unaifichaje?

Mgogo Halisi
Hii ni CHAI. Mvua Dodoma mwezi wa nane? Mvua yetu ni ya kuanzia mwishoni mwa mwaka mpaka mwezi wa nne, basi. Agosti hapa ni vumbi na upepo, hata mbuzi wanapiga chafya. Mleta mada yuko Dar anatunga hadithi.

Siti ya Mbele
Na mimi nilishamhurumia! Nirudishiwe karanga zangu.

Mama Wawili Nkuhungu
Mimi mwaka fulani nililowa mwezi wa tano mwishoni, Hombolo.

Mgogo Halisi
Mama, wa tano si wa nane.

Lenzi ya Kizota
Nani kasema mvua? Kamati ilileta boza kumwagia uwanja ili wageni wasiingie na vumbi. Dereva alifungua maji wakati maharusi wanashuka kwenye gari.

Mgogo Halisi
Boza sawa, inaingia akilini. Lakini bado nakutilia shaka.

Binamu wa Bwana Harusi
Si chai. Nilikuwepo, viatu vyangu vililowa. Wewe ndiye uliyevaa shati jeusi, begi mgongoni. Ngoja nikuulize kitu kimoja. Wakati wa kukata keki, baba mzazi wa bwana harusi alikuwa hawezi kuinuka kwenye kiti, miguu imemsumbua mwaka mzima. Kaka akaacha kisu, akaenda kumkumbatia kwa nyuma, akamnyanyua, wakatembea pamoja mpaka kwenye keki, mzee kakanyaga juu ya viatu vya mwanawe. Ukumbi mzima ulisimama. Wewe ulikuwa hatua tatu kutoka pale, kamera zote mbili umezigeuzia upande wa pili. Hiyo unayo?

Lenzi ya Kizota
Sina. Sikuiona.

Fundi Mwanga
Aisee.

Siti ya Mbele
Mimi nina harusi Desemba, Chamwino, na mvua itakuwepo kweli. Unapiga bei gani? Bwana harusi ni mimi, na mke wangu mtarajiwa ni wa Singida, sidhani kama mnafahamiana.

Lenzi ya Kizota
Njoo PM mkuu. Nusu inatangulia.