Wazee hawataki mzimu wetu uchorwe kwenye ramani ya kijiji, nishaurini

Mjumbe Mdogo

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Kwetu ni pwani ya mkoa wa Lindi. Nimo kwenye halmashauri ya kijiji, mdogo kuliko wajumbe wote, na kwa kuwa naandika haraka nikapachikwa kwenye kamati ya matumizi ya ardhi. Mwezi ujao wataalamu wa wilaya wanakuja kutuandalia mpango wa matumizi bora ya ardhi.

Tuna msitu wa kama ekari 20. Ndani kuna mzimu, mahali pa matambiko ambako bibi zetu walipeleka ubani mvua zikichelewa, na makaburi matatu ya mawe yenye matundu ya sahani ukutani (sahani zenyewe ziling'olewa zamani). Chini ya mteremko ipo chemchemi ambayo sijawahi kusikia imekauka. Tangu ufuta uanze kulipa watu wamefyeka pande zote, msitu umebaki kama kisiwa. Sasa kuna mtu wa mjini anataka ekari 100 upande huohuo, na mwenyekiti anamsikiliza kupita kawaida.

Mimi nilidhani dawa ni kuuingiza msitu kwenye mpango. Wazee wamekataa katakata. Babu mmoja kaniambia, "Kikiandikwa kimeuzwa." Wana sababu: mwaka juzi watu walikuja usiku na mashine ya kupimia wakafukua kaburi moja wakitafuta mali ya Mjerumani. Ramani ikibandikwa ofisini na alama ya kaburi juu yake, si tumewaonyesha njia?

Nikinyamaza, msitu unapita kama pori tupu. Nikisema, nimemsaliti babu. Nifanyeje?

Kamba na Vigingi

Mjumbe, nimezunguka na timu za mipango miaka mingi kabla ya kustaafu. Babu yako ana akili kuliko baadhi yetu tuliokuwa na GPS.

Lakini mnachanganya vitu viwili. Mpango hauhitaji kujua kaburi liko wapi. Unahitaji mpaka wa eneo na jina la matumizi, basi. Chukueni msitu wote pamoja na chemchemi, uwe kipande kimoja, muuite msitu wa hifadhi wa kijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inawapa kijiji nguvu hiyo. Mtaalamu atembee pembezoni apige pointi zake, ndani asiingie. Mimi niliwahi kusimamishwa na wazee chini ya mkwaju, wakaniambia hapa ndiyo mwisho wako. Nilichora kutokea pale na ramani ilipita bila swali.

Angalieni sana neno "akiba". Wengi wanaona pori zuri wanaliandika "ardhi ya akiba" wakidhani wamelitunza. Akiba maana yake ni ardhi inayosubiri kugawiwa! Huyo wa ekari 100 ataanzia hapohapo.

Na mwenyekiti hana mamlaka ya kumpa mtu ardhi peke yake, wala halmashauri nzima ya kijiji haina. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji uridhie kwanza. Omba muhtasari wa kila kikao, usome kilichoandikwa kabla hujasaini mahudhurio. Nimeona karatasi ya mahudhurio ya kikao cha madawati ikageuka ridhaa ya shamba.

Nyundo

Karne hii mnapanga ardhi kwa ajili ya mashetani? Ufuta unasomesha watoto. Fyekeni, lipeni ada.

Mama Ukindu

@Nyundo chemchemi ya mashetani ndiyo unayonywa ukija likizo.

Mwanangu Mjumbe, umeongea na wazee wanaume tu, naona. Waulize wanawake. Kwetu Mtwara tulipopanga, wanaume walichora barabara, shule, mashamba. Sisi ndio tuliosema kiangazi maji yanapatikana wapi, ming'oko inachimbwa wapi njaa ikiingia, ukindu wa mikeka unakatwa wapi. Hivyo vyote vilikuwa ndani ya pori ambalo wao waliliita "halina kazi". Tulipomaliza kuhesabu, hakuna aliyethubutu kulikata, na mzimu hatukuutaja hata mara moja.

Kuna faida nyingine. Najua pwani yetu. Imamu wenu akisikia "mzimu" mkutanoni atasimama kupinga, nusu ya watu watamfuata. Sema chanzo cha maji na makaburi ya wazee wetu. Nani atapinga makaburi?

Mdigo wa Kwale

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka, Kenya. Sisi jambo hili limetupata mapema kwa sababu ya hoteli. Makaya yetu mengi (misitu mitakatifu ya mababu) yaliandikishwa kuwa kumbukumbu za taifa kuanzia 1992, na 2008 baadhi yakaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kwa hiyo Wamijikenda tumeandika, tena duniani kote, na siri bado ziko na wazee. Nenda Kaya Kinondo leo: utafungwa kaniki, utapitishwa njia ya wageni, na kuna mahali hutafika hata ukiwa na pesa.

Ila nisikudanganye. Karatasi pekee haikuzuia watu kukata miti wala kumega viwanja pembeni. Pale wazee walipokuwa na vijana wa kulinda, kaya imesimama. Pale walipobaki wenyewe, imepungua. Kwa hiyo jiulize nani ataingia doria baada ya mtaalamu kuondoka.

Kamba na Vigingi

Mdigo kanikumbusha doria. Mpango bila sheria ndogo ni picha ya ukutani. Andikeni faini, nani anakamata, nani anapokea pesa. Zipite mkutano mkuu, kisha zipelekwe halmashauri ya wilaya ziidhinishwe. Hapo ndipo vijiji vingi hukwama, faili linalala wilayani. Fuatilia mwenyewe.

Na hayo makaburi: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kaburi lililojengwa kabla ya 1863, liwe limetangazwa au la. Kwa hiyo kama lenu ni la umri huo, waliofukua walivunja sheria tayari. Kama chemchemi inatoa kijito, kumbuka pia mita 60 kutoka ukingo wa mto kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004. Kwa chemchemi yenyewe wekeni umbali wenu kwenye sheria ndogo, msisubiri wizara.

Nyundo

Sawa, maji nakubali. Ila ekari 20 zote?

Mama Ukindu

Zote. Ukikata juu, chini panakauka.

Mjumbe Mdogo

Wakuu, nimerudi. Nilikwenda kwa babu jana na mkate wa ufuta, nikamweleza habari ya kutembea pembezoni tu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama mtaalamu anavaa viatu. Nikasema anavaa. Akasema basi ataishia kwenye mbuyu, na yeye mwenyewe atatangulia mbele kuonyesha mpaka.

Mama Ukindu, nimemwomba mama yangu akusanye wenzake wa kisimani. Wametaja sehemu mbili za maji ambazo mimi nimezaliwa hapa na sikuzijua.

Bado mwenyekiti. Nilipoomba muhtasari wa kikao cha mwisho alisema daftari liko kwa mtendaji, mtendaji anasema liko kwa mwenyekiti. Kamba na Vigingi, hapo naanzia wapi?