Naomba ushauri: nikabobee katika magonjwa ya neva na misuli, au nibaki nilipo?

Tabibu wa Mkoani: Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, na nimepata nafasi ya kwenda Cape Town kubobea katika magonjwa ya neva na misuli. Usingizi umenipaa, kwani sijui kama nikirudi nitaweza kuutumia ubobezi huo.

Bi Mkubwa: Marahaba, mwanangu. Nenda. Mdogo wangu alianza na ganzi miguuni, na kabla ya wiki kwisha akawa hawezi kupumua mwenyewe. Tulikuwa tumeshamzungusha kwa waganga ndipo tukasikia jina la Guillain-Barré, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia neva.

Mhasibu: Wagonjwa wa kisukari na presha ndio wanaojaza kliniki. Hiyo ada analipa nani?

Tabibu wa Mkoani: Analipa mwajiri, nami nimekwisha kusaini mkataba wa kurudi kumtumikia. Hospitali haina mashine ya kupima umeme wa neva na misuli, ila wameniahidi kwa mdomo kwamba wataileta. Msinilaumu; utambuzi mwingi hutokana na maelezo ya mgonjwa na nyundo ya kupimia goti.

Mhakiki: Hadithi hii imetungwa. Bingwa wa kweli angewauliza wenzake.

Tabibu wa Mkoani: Wenzangu waliiomba nafasi hiyohiyo, ndiyo maana siwaulizi. Kilichonivuta ni mwalimu mmoja ambaye kila jioni kope zilimwangukia na sauti ikamtokea puani. Nilitia barafu kwenye glavu, nikaiweka juu ya jicho alilolifumba kwa dakika 2, na alipolifumbua kope ilikuwa imenyanyuka. Ilikuwa miasthenia: kingamwili zake mwenyewe zilizuia misuli isipokee ujumbe wa neva. Kwa vidonge vya pyridostigmine alirudi darasani. Lakini nina kijana ambaye misuli ya mikono yake inanyauka na kuchezacheza chini ya ngozi, na bila kipimo cha sindano cha mashine ile siwezi kumpa jibu la uhakika.

Mhakiki: Kama ni hivyo, nayaondoa maneno yangu. Ahadi ya mashine iandikwe kwenye mkataba kabla hujaondoka, maana kijana huyo hatapimwa kwa ahadi ya mdomo.

Tabibu wa Mkoani: Barua nitaiandika kesho, ingawa tiketi nimekwisha kuikata, na hata wakikataa nitakwenda.