Pimamaji ya umeme kwenye bunduki ya masafa marefu: nibadilishe, au kiputo kinatosha?

Kilomita_Moja:
Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaopiga shabaha za mbali, hasa mlioko Marekani mnaoshiriki mashindano ya PRS (Precision Rifle Series, ya kupiga shabaha za mbali kwa muda maalumu). Bunduki inatumia risasi aina ya 6.5 Creedmoor ya greni 140, mtutu unazungusha risasi kulia, darubini ni ya mrad (1 mrad ni sentimita 10 kwenye mita 100) na sifuri, yaani umbali ambao risasi inapiga palepale ninapolenga, ni mita 100. Mita 300 inapiga katikati bila shida. Mita 1000, asubuhi bendera zikiwa zimelala kabisa, kundi zima linakaa kulia kwa sentimita kama 60. Kwenye reli ya juu ya bunduki inayobeba darubini kuna pimamaji ya kiputo na kiputo kinakuwa katikati kila risasi. Nataka kuitoa ninunue ya umeme yenye taa. Itamaliza tatizo? Na usikivu wake, yaani bunduki ilale kiasi gani ndipo taa ionye, niuweke digrii ngapi?

FundiDarubini:
Mkuu, usinunue kitu bado. Kosa lako halibadiliki, na kosa lisilobadilika ni la ufungaji. Kama mkono ungekuwa unalaza bunduki, risasi zingetawanyika kushoto na kulia.

Tuanze na hesabu. Kwa risasi yako, mita 1000 unazungusha mwinuko wa takriban 10 mrad, yaani mtutu umeinuliwa ili kufidia mita 10 za kushuka. Bunduki ikilala upande wa kulia, sehemu ya huo mwinuko inageuka kuwa msukumo wa kulia: mwinuko mara sine ya pembe. Digrii 1 inakupa sentimita 17.5, digrii 2 inakupa 35, digrii 3 inakupa 52. Kushuka kwa ziada ni kidogo mno, hata digrii 3 ni sentimita 1.4 tu, ndiyo maana watu hawaoni dalili yoyote kwenye urefu na wanaishia kuulaumu upepo. Mita 300 unazungusha 1.3 mrad hivi, kwa hiyo digrii 2 zinasogeza risasi sentimita 1 na nusu. Inajificha ndani ya kundi.

Katika hizo 60 zako, toa 20 hadi 30 ambazo ni mzunguko wa risasi wenyewe kuivuta kulia. Zinabaki 30 hadi 40. Hizo ni kama digrii 2 kati ya pimamaji yako na retikali ya darubini (mistari ya kulengea unayoiona ndani). Kiputo kinasema kweli kuhusu reli, ila darubini imekaa imepinda juu ya hiyo reli. Ukifunga ya umeme palepale itakudanganya vilevile, tena kwa taa ya kijani.

Kinachotakiwa kusimama wima ni mwendo wa retikali unapozungusha tareti (kitasa cha juu cha kurekebisha mwinuko). Bunduki yenyewe ikiwa imepinda kidogo chini ya darubini haina neno: darubini ikiwa milimita 50 juu ya mtutu, digrii 3 zinausogeza mtutu pembeni milimita 2.6, na kwa sifuri ya mita 100 hiyo inakuwa sentimita 2.4 tu ukifika mita 1000.

Fanya hivi. Toa risasi zote na komeo, funga bunduki kwenye kishikio kizito. Tundika timazi umbali wa mita 50 au zaidi, uzi mweupe mnene unaoonekana vizuri, uzito wake uzamishe ndani ya ndoo ya maji usiyumbe. Legeza skrubu za pete, zungusha darubini mpaka mstari wima wa retikali ulale juu ya uzi wote. Kaza kidogo kidogo kwa kupishana, ukimalizia kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwenye Nm 2 hivi au kama mtengenezaji wa pete alivyoandika. Angalia tena kwenye uzi, maana kukaza ndiko kunakozungusha darubini, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Baada ya hapo, bila kugusa bunduki, ndipo unaweka pimamaji: kiputo unakizungusha mpaka kikae katikati kisha unakikaza, na ya umeme yenye kitufe cha kuweka sifuri unabonyeza hapohapo.

Hakikisha kwa risasi. Karatasi ndefu ya mita 1.5, mstari uliochorwa kwa timazi, mita 100 zilizopimwa kwa futi kamba. Piga 5 ukilenga alama ya chini, zungusha 10 mrad, piga 5 nyingine ukilenga alama ileile. Kundi la pili likae mita 1 juu, kwenye mstari. Kila sentimita 1 ya pembeni ni zaidi kidogo ya nusu digrii. Kuna darubini ambazo retikali na tareti hazikubaliani tangu kiwandani. Kwa mtu anayezungusha tareti, fuata tareti.

Upepo_wa_Saa_Tatu:
Nakubaliana na Fundi kwa yote. Ila ya umeme ina faida yake, na kwa PRS mimi naitetea. Steji, yaani zamu moja ya kupiga, ina dakika moja na nusu au mbili, umeegemea tairi au paa la kibanda, miguu miwili ya mbele ya bunduki (bipodi) iko kwenye mteremko. Kwenye mteremko jicho linakupotosha, linachukua mstari wa ardhi kuwa ndio usawa. Kiputo kinataka ulitoe jicho kwenye retikali. Taa unaifunga kushoto, mbele kidogo ya darubini, jicho la kushoto likibaki wazi linaiona bila kuitazama.

Usikivu: nusu digrii ukiwa umelala chini kwenye begi la mchanga, digrii 1 kwenye vizuizi. Ukiweka finyu zaidi ya hapo taa zinacheza, na wewe unaanza kukimbiza taa badala ya kubonyeza kifyatulio vizuri. Nusu digrii mita 1000 ni sentimita 9, shabaha ya chuma ya kawaida ya PRS inaivumilia. Kwenye F-Class (mashindano ya kulala chini na kupiga karatasi za pointi) ni habari nyingine: mduara wa pointi 10 yadi 1000 una kipenyo cha inchi 10, hivyo digrii 1 tu yatosha kuitoa risasi ya katikati nje ya mduara.

Timazi_na_Pembe:
Naongeza mambo ambayo karatasi ya kifaa haisemi. Ndani mna chipu ya akselerometa inayopima mvuto wa dunia. Digrii 1 ya mlalo ni sawa na sehemu 17.5 kwa elfu za g (nguvu ya mvuto wa dunia). Chipu nyingi za bei nafuu huhama karibu sehemu 0.5 kwa elfu za g kwa kila nyuzijoto moja. Ukiweka sifuri ndani ya nyumba kwenye 25 kisha ukapiga shabaha kwenye sifuri ya barafu, kifaa kinaweza kuwa kimehama zaidi ya nusu digrii bila kukuonya. Kiweke nje nusu saa, kisha weka sifuri upya.

Pia hakitofautishi mvuto na mtikisiko. Ukiisogeza bunduki haraka taa zitaruka. Subiri zitulie ndipo uziamini.

Na kifungwe mraba na mtutu. Kikikaa mshazari digrii 3 ukitazama kutoka juu, kwenye uwanja tambarare hutaona kitu, lakini ukipiga kilimani kwa pembe ya digrii 20 kinasoma karibu digrii 1 isiyokuwepo. Hii inavihusu viputo pia.

Kilomita_Moja:
Asanteni sana wakuu. Swali moja: kuna wanaosema nilaze bunduki kushoto kidogo makusudi ili kufuta ile 20 hadi 30 ya mzunguko. Ni sawa?

FundiDarubini:
Hesabu inakubali, digrii 1.2 kushoto kwa 10 mrad inafuta sentimita 21. Lakini programu nyingi za balistiki (za kukokotoa njia ya risasi) tayari zinaihesabu ukiwasha kipengele chake na kujaza kipimo cha msokoto wa mtutu. Ukifanya zote mbili utapiga kushoto. Mimi ningeacha retikali wima na kuiachia programu.

Timazi_na_Pembe:
Na ukinunua ya umeme, betri ikiwa CR2032 beba ya akiba mfukoni, karibu na mwili. Kwenye baridi volti hushuka, na taa hufifia kabla ya kuzimika. Kabla ya kuifunga, ilaze juu ya kioo tambarare, soma, izungushe digrii 180 palepale juu ya kioo, soma tena. Hesabu ishara ya kushoto kuwa hasi na ya kulia kuwa chanya, jumlisha, gawa kwa mbili: hilo ndilo kosa la kifaa chenyewe. Likizidi nusu digrii na hakina kitufe cha kuweka sifuri, kirudishe dukani.