Tupeane uzoefu: kuhamia nje ya nchi pamoja na familia, kupata kazi na shule za watoto

Mleta mada

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu kuhamia nje ya nchi humlenga mtu anayesafiri peke yake: namna ya kuomba viza, namna ya kuandika wasifu, namna ya kujibu maswali ya mwajiri kwa njia ya video. Mwenye mwenzi na watoto hubaki na maswali yasiyo na mjibu, nayo ndiyo yanayoamua kama familia itatulia au itatengana. Je, mwenzi ataruhusiwa kufanya kazi? Mtoto ataingizwa darasa gani, na ni nani anayeamua? Ikiwa taaluma inahitaji leseni, familia itaishi kwa kipato gani wakati leseni inasubiriwa?

Mimi ni fundi wa umeme, mke wangu ni muuguzi, nasi tuna binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 6. Hatujachagua nchi bado, kwa sababu ninaamini kwamba inapaswa kuchaguliwa kwa kuwaangalia wote wanne, si kwa kuangalia ni nani aliyetangulia kupata barua ya kazi. Naomba kila anayechangia ataje nchi aliyopo na mwaka wa kanuni anazozieleza, maana sheria za uhamiaji hubadilika hata kabla maombi hayajajibiwa.

Muuguzi, Ujerumani

Kaka, nianze na kazi ya wifi yangu. Uuguzi nchini Ujerumani ni taaluma inayolindwa na sheria, hivyo barua ya mwajiri peke yake haitoshi. Cheti hupelekwa kwa mamlaka ya jimbo, nayo hulinganisha masomo uliyosoma na ya kwao, nadharia na vitendo, kisha hukuandikia yaliyopungua. Hayo hujazwa kwa kozi ya kujiongezea ujuzi au kwa mtihani, na katika kipindi hicho mtu huajiriwa kama muuguzi msaidizi kwa mshahara ulio chini ya ule wa muuguzi kamili. Lugha inayotakiwa kwa kawaida ni Kijerumani cha kiwango cha B2, katika ngazi zinazoanzia A1, ya mwanzo kabisa, hadi C2.

Mimi nilipitia kozi, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye familia, kwa kuwa hatima yako haitegemei siku moja ya mtihani, na kwa kuwa wodini unajifunza lugha ambayo darasani haifundishwi: namna mgonjwa mzee anavyolalamikia mto wake, namna daktari anavyotaja dawa kwa haraka zamu inapokwisha, namna ndugu wa mgonjwa anavyouliza kwa ukali ilhali moyoni ana hofu. Bajeti yenu ipangeni kwa mshahara wa msaidizi, msiipange kwa mshahara ulioandikwa kwenye tangazo la kazi.

Kwako wewe mambo ni mepesi zaidi. Mwenzi anayeungana na mwenye kibali cha ukaaji cha kazi ana haki ya kufanya kazi, na fundi wa umeme anaweza kuajiriwa bila leseni, ingawa kufungua kampuni yake mwenyewe ya umeme huhitaji kwa kawaida cheo cha fundi bingwa kinachotambuliwa huko. Jambo la kuwahi ni lugha: kwa kawaida mwenzi hutakiwa kuonyesha Kijerumani cha A1 kabla ya kupewa viza, isipokuwa kwa makundi kadhaa, kama vile wenzi wa wenye Blue Card (kibali cha ukaaji cha wataalamu wenye mshahara mkubwa) na wenzi wa wafanyakazi ambao taaluma yao imekwisha kutambuliwa. Anza kusoma sasa, kabla mkeo hajaitwa kwenye usaili.

Kuhusu shule, elimu ni ya lazima na kila jimbo kati ya majimbo 16 lina sheria yake. Katika majimbo mengi watoto hugawanywa kwa njia tofauti za masomo baada ya darasa la nne. Berlin na Brandenburg hufanya hivyo baada ya darasa la sita. Mvulana wako akifika akiwa na umri wa kuanza darasa la kwanza atakwenda sambamba na wenzake. Kwa binti ni tofauti. Mwanangu wa kwanza alifika akiwa na miaka 11, hesabu akizimudu kuliko wengi darasani, lakini kwa sababu ya lugha alipendekezewa njia ya masomo isiyoelekea moja kwa moja chuo kikuu. Tuliomba shule ya pamoja, ambayo haiwatenganishi watoto mapema, na huko uwezo wake ulionekana mara tu Kijerumani kilipokomaa. Ulizeni kama mji mnaokwenda una shule ya aina hiyo kabla hamjasaini mkataba wa nyumba, kwa kuwa anwani ina nguvu kubwa katika kupangiwa shule, hasa ya msingi.

Jambo jingine ni kadi za chanjo. Tangu tarehe 1 Machi 2020 sheria inataka mtoto anayeingia chekechea au shule aonyeshe kwamba amekingwa dhidi ya surua. Kadi zilizofifia ziombeeni nakala mpya kliniki zilipotolewa, kwa sababu ukiwa mbali kazi hiyo inakuwa nzito mno.

Mfanyakazi wa huduma za malezi, Uingereza

Ndugu mleta mada, ombi lako la kutaja mwaka ni la msingi sana, na habari yangu inaonyesha sababu. Niliingia kwa viza ya wahudumu wa malezi, yaani wanaowahudumia wazee na wenye ulemavu, wakati ambapo bado tuliruhusiwa kuja na familia. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024 wahudumu wapya wa malezi walizuiwa kuleta wategemezi, na kuanzia tarehe 22 Julai 2025 waajiri walifungiwa kuwaleta wahudumu wapya kutoka nje ya nchi. Rafiki yangu wa karibu, aliyekuwa na sifa zilezile, alichelewa kwa muda mfupi tu na sasa anazungumza na wanawe kwa simu. Kwa hiyo anayekuuzia leo nafasi ya malezi Uingereza na kukuahidi kuwa familia itafuata, mkimbie.

Wauguzi waliosajiliwa bado wanaweza kuja na wenzi na watoto. Usajili uko chini ya NMC, baraza la wauguzi na wakunga, nalo linadai mtihani wa kompyuta, mtihani wa vitendo na uthibitisho wa Kiingereza. Mwenzi wa muuguzi anaruhusiwa kufanya karibu kazi yoyote.

Shule za serikali hazilipishi ada, na katika England nafasi ya mtoto anayefika katikati ya mwaka huombwa kupitia halmashauri ya eneo au shule yenyewe. Shule iliyo karibu inaweza kuwa imejaa, na watoto wa nyumba moja wakapangiwa shule mbili tofauti. Mzazi ana haki ya kukata rufaa mbele ya jopo huru. Darasa hupangwa kwa umri, kuanzia Septemba hadi Agosti, na si kwa darasa alilotoka. Hapo ndipo binti yako anapohitaji hesabu ya makini. Mitihani ya GCSE, ya kumaliza elimu ya lazima ya sekondari, huandaliwa kwa kawaida katika Mwaka wa 10 na wa 11, yaani kati ya miaka 14 na 16. Mtoto anayefika mwanzoni mwa Mwaka wa 10 anaianza kozi pamoja na wenzake, bali anayefika katikati ya Mwaka wa 11 hukuta wenzake wako ukingoni mwa mtihani na masomo aliyoyachagua huenda hayapo.

Mhandisi, Kanada

Nami niongeze yangu kwa ufupi. Tulikuja kwa Express Entry, mfumo wa kuwachagua wahamiaji wenye ujuzi ulioanza Januari 2015, tukiwa wakaazi wa kudumu tangu siku ya kufika, na kwa mwenye familia sioni njia iliyo bora kuliko hiyo, kwa sababu mwenzi anafanya kazi bila masharti na watoto wanasoma katika shule za umma bila ada. Mambo mawili yasipuuzwe. Kiasi cha akiba unachotakiwa kuonyesha hupanda kulingana na ukubwa wa familia, ikihesabu hata wale ambao hawasafiri nawe. Tena kila mtoto na mwenzi lazima atajwe na apimwe afya, hata anayebaki nyumbani, kwa sababu asiyetajwa anaweza kuzuiwa kudhaminiwa baadaye.

Leseni ni suala la mkoa, na hapo wengi hukwama. Ontario iliondoa Mei 2023 sharti la wahandisi kuwa na uzoefu wa kazi uliopatikana Kanada, jambo lililonifungulia mlango mimi mwenyewe. Wanaoelekea Quebec wafahamu kwamba watoto wa wahamiaji kwa kawaida husoma shule za Kifaransa, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1977.

Mke aliyemfuata mume, Marekani

Kaka yangu, umefanya vyema kuuliza habari ya mwenzi. Mume wangu ni mtaalamu wa kompyuta aliyeajiriwa kwa viza ya H-1B, nami nilikuja kwa H-4, viza ya mwenzi na watoto wa mwenye H-1B. Mwenye H-4 haruhusiwi kufanya kazi mpaka mwenzake afikie hatua fulani katika maombi ya ukaazi wa kudumu, utaratibu uliowekwa mwaka 2015, na hata hapo lazima aombe kibali. Nilikuwa mwalimu mwenye darasa langu na mshahara wangu, kisha nikawa mtu anayeomba fedha ya nauli. Nasema haya bila kumlaumu mume wangu, kwa kuwa naye aliumia kuona hali hiyo. H-4 inaruhusu kusoma, hivyo niliingia chuo na kujiandaa kwa leseni ya ualimu ya jimbo. Wenzi wa wenye viza za L-1, wanaohamishwa ndani ya kampuni moja, hawana kizuizi hicho. Kuhusu herufi na namba hizo za viza, badilishaneni mawazo mapema, mke na mume mkiwa mmeketi pamoja.

Shule za umma ziliwapokea watoto wetu bila taabu, kwa anwani ya nyumba na kadi za chanjo.

Mzazi, Falme za Kiarabu

Huku watoto wa wageni kwa kiasi kikubwa husoma shule binafsi, na ada inaweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara. Baadhi ya waajiri hulipa posho ya elimu. Idaiwe kabla ya kusaini na iandikwe kwenye mkataba, ikionyesha ni watoto wangapi inaowahusu.

Mwalimu wa watoto wanaojifunza lugha mpya

Wazazi wengi hunijia wakifurahi kwamba mtoto anazungumza kama wenyeji baada ya muda mfupi, kisha hushangaa matokeo yanapokuwa hafifu. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada alitofautisha mwaka 1979 lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Ya kwanza huja ndani ya mwaka mmoja au miwili, ya pili huchukua takriban miaka mitano hadi saba. Nilikuwa na mvulana aliyesimulia mchezo wa mpira kwa ufasaha wa kuvutia, lakini alipopewa swali la hesabu lenye maneno "ilhali" na "angalau" alitazama karatasi na kunyamaza. Nilipomsomea swali lilelile kwa namba tupu, alilijibu papo hapo.

Kwa hiyo ombeni shule iendelee kumpa msaada wa lugha hata baada ya kuonekana anaongea vizuri, na nyumbani endeleeni kuzungumza na kusoma naye kwa lugha yenu. Mtoto anayeelewa jambo kwa lugha ya mama hulihamishia kwenye lugha mpya. Asiyelielewa kwa lugha yoyote hana cha kuhamisha.

Mleta mada

Nawashukuru sana, wapendwa. Tumeanza kuielekea Ujerumani. Mke wangu anauliza: je, inafaa binti abaki kwa bibi yake amalize sekondari, kisha atufuate?

Muuguzi, Ujerumani

Mwambie wifi aangalie umri kwanza. Mtoto aliye chini ya miaka 16 haulizwi Kijerumani ili kuungana na wazazi. Akitimiza 16 na akaja baadaye, si pamoja nanyi, kwa kawaida anatakiwa aonyeshe Kijerumani cha juu sana, kiwango cha C1, au ushahidi kwamba elimu na maisha yake vinaonyesha atamudu kujumuika na jamii. Msamaha upo kwa watoto wa wenye Blue Card, wa wafanyakazi ambao taaluma yao imekwisha kutambuliwa, na makundi mengine kadhaa. Kwa kuwa ana miaka 14, akibaki hadi amalize sekondari atakuwa ameuvuka mpaka huo. Kama mitihani yake iko karibu na bado hajafika 16, maombi yake yawasilishwe mapema, kabla ya siku yake ya kuzaliwa, na mwandikieni ubalozi kuuliza ni tarehe ipi watakayoihesabu. Jibu lao lihifadhini kwa maandishi.